Mvuvi wa Gesi na Swali Lililopotea

Naleta katika kurasa zetu za Kiswahili hoja moja mbele ya wenzangu wa shuleni na kaka zetu waliokwisha kuondoka. Hoja yenyewe ni juu ya wale watu wanaotumwa kuwasemea wagombea wakati wa uchaguzi, na juu yetu sisi tunaowasikiliza. Nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe, maana katika jambo hili mimi nilikuwa mkosaji wa mbele.

Kampeni ya uchaguzi mkuu wa nchi yetu wa mwaka 2024 ilifunguliwa tarehe 24 Agosti ikafungwa tarehe 6 Oktoba, na kura zikapigwa tarehe 9. Mimi sikupiga, umri ulikuwa haujatimia. Katika siku hizo chama kimoja, ambacho sitakitaja kwa kuwa sina ugomvi nacho, kilimpeleka kijana mmoja redioni kumsemea mgombea wake. Kijana yule ni msomi, na Kireno chake ni kizuri. Lakini mtangazaji alimhoji kwa Kiswahili, kwa sababu watu wengi wa pwani hii, toka Palma hata Mocímboa da Praia, husikia Kiswahili na Kimwani upesi kuliko Kireno. Akaulizwa hivi: gesi ya Afungi itakapoanza kutolewa, vijana wa hapa watapewa kazi gani? Na wale wavuvi waliohamishwa Quitupo wakapelekwa kijiji kipya cha Quitunda, watavua wapi?

Kijana akakohoa. Akasema, "Swali zuri." Akanyamaza. Akasema tena, "Swali zuri sana." Kisha akaeleza kwamba gesi ni mali ya wananchi, na kwamba wakati ukifika, gesi hiyo "itavuliwa na vijana wetu wenyewe." Mtangazaji alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa, ukapigwa muziki.

Kabla jua halijatua alikuwa amekwisha kupewa jina: Mvuvi wa Gesi. Watoto walimfuata nalo njiani. Sokoni wauza samaki waliulizwa kama wana fungu la gesi, nao wakajibu kwamba leo bahari ni mbaya, gesi haikupatikana. Wasiokipenda chama chake walisema, "Mnawaona? Ndio hao wanaotaka tuwape nchi." Wanaokipenda wakasema mtangazaji amemtega, tena amelipwa. Mabishano yakaenda hivyo wiki nzima. Nami, kwa kuwa nimejaliwa kuigiza sauti za watu, nilimwigiza katika jioni ya burudani hapa shuleni, kikohozi na "swali zuri sana" na yote. Mliokuwapo mtakumbuka. Sijapata kupigiwa makofi kama yale, kabla yake wala baada yake.

Likizo ilipofika nikamwigizia bibi yangu. Bibi alitabasamu kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani mjukuu wangu, huyo mtu aliulizwa nini?"

Nikamweleza.

"Akajibu nini?"

"Bibi, ndipo hapo penyewe. Akasema itavuliwa!"

"Hilo nimelisikia. Mimi nauliza hao watu wa Quitunda watavua wapi."

Nilikuwa sina la kusema. Nilitazama chini nikajikumbusha watu wote niliowasikia wakisema juu ya mahojiano yale, walimu, wachuuzi, mabaharia, wenzangu wa bwenini, na sikukumbuka hata mmoja aliyeuliza kama bibi. Sisi sote tulikuwa tumelishika kosa, swali tukaliacha liende na ule muziki. Na swali lenyewe halikuwa dogo. Kazi ya Afungi ilisimama mwaka 2021, baada ya mji wa Palma kushambuliwa mwezi Machi, na watu wakatawanyika huku na huko. Mwaka 2025 kampuni ya Kifaransa inayoongoza mradi ule ilitangaza kuwa iko tayari kurudi. Kwa hiyo mtu aliyeuliza mwaka 2024 vijana watapata nini na wavuvi watakwenda wapi, aliuliza kwa wakati wake.

Hapo nataka kuongeza neno dogo la pembeni. Maeneo mawili makubwa ya gesi hiyo yaliyo baharini mbele ya Afungi yamepewa majina ya Kireno Golfinho na Atum, yaani Pomboo na Jodari. Walioyapa majina hayo ni wenye elimu yao na fedha zao, na hakuna aliyewacheka. Huyu wetu aliyesema gesi itavuliwa hakuwa mbali nao sana.

Sasa nije kwenye hoja. Kiswahili kina jina zuri la mtu wa namna hii: mpiga debe. Sote tumemwona kwenye kituo cha mabasi. Kazi yake ni kuita abiria. Gari si lake, usukani haushiki, na huenda safari yenyewe haendi. Abiria mwenye akili hapandi gari kwa sababu mpiga debe ana sauti tamu, wala halikatai kwa sababu mpiga debe ana kigugumizi. Hutazama matairi, hutazama dereva kama amelewa. Lakini ikiwa mpiga debe, katika kelele zake, ameropoka kwamba breki za gari hili hazishiki, abiria anayecheka akapanda amejitakia mwenyewe.

Basi makosa ya ulimi si mamoja, na mimi naona sisi wapiga kura, na sisi tutakaokuwa wapiga kura, hukasirikia lile tulilopaswa kulipuuza, na kulicheka lile tulilopaswa kulikasirikia. Nitatoa mfano kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, maana redio zao tunazisikia hapa kama zetu, na kampeni zao huzungumzwa barazani kwetu kana kwamba na sisi tumo.

Mwaka 2015 Chama cha Mapinduzi kilifungua kampeni yake tarehe 23 Agosti katika viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam. Mgombea alikuwa Bwana John Magufuli. Miongoni mwa waliosimama kumsemea alikuwa Rais mstaafu Benjamin Mkapa. Huyu hakuwa mtu wa kubabaika kwa maneno. Alizaliwa Lupaso karibu na Masasi, si mbali na mpaka wetu, akasoma katika shule za misheni kama sisi, Ndanda na Pugu, akaenda Makerere kusoma Kiingereza, akawa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa waziri na rais. Ikiwa yuko mtu aliyejua uzito wa neno, ni yeye. Na siku ile aliwaita wapinzani waliosema wanaikomboa nchi "wapumbavu" na "malofa".

Lofa, kwa wasiolijua neno, ni mtu ovyo, asiye na kazi wala mali. Basi moto ukawaka. Kwa majuma mazima watu hawakuzungumza ila malofa. Wapinzani walilichukua jina lile wakajiita wenyewe kwa majivuno, na vijana walioshinda bila kazi, ambao ndio hasa waliolisikia tusi likiwagusa, wakasema sawa, sisi malofa tutaonana kwenye sanduku. Wazee wetu husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mzee yule alijikwaa kweli. Lakini tazameni: tusi lile lilimweleza mpiga kura nini asichokijua? Kwamba mzee wa chama hawapendi wapinzani wa chama. Basi. Hakuna zaidi.

Mwaka huohuo, miezi michache kabla ya Jangwani, Katibu wa Itikadi na Uenezi wa chama kilekile, Bwana Nape Nnauye, alikuwa amesema kwamba CCM itashinda hata kwa goli la mkono. Wapenzi wa mpira wote wanajua habari hiyo imetoka wapi. Tarehe 22 Juni 1986, kule Mexico, Diego Maradona aliutia mpira wavuni kwa mkono wake, refa asione, na Uingereza ikafungwa 2 kwa 1. Neno la Bwana Nape lilipendwa mno. Likawa mzaha wa mabasi na wa vijiwe, likatumiwa hata na watu waliokuwa wakigombania kiti cha kukalia. Nasikia likisemwa huku kwetu pia, kwa kucheka.

Mimi sioni cha kuchekesha. Bwana Mkapa aliwatukana watu. Bwana Nape alizungumza juu ya hesabu ya kura. Mtu akinitukana naweza kumwadhibu kwa kura yangu, lakini ikiwa kura yangu haitahesabiwa sina cha kumwadhibia. Kati ya maneno yale mawili, moja lilikuwa kelele za kituoni, la pili lilikuwa habari za breki. Watu wakalikasirikia la kwanza, la pili wakalifanya methali.

Bwana Nape hakudhurika. Alichaguliwa mbunge wa Mtama, mkoa wa Lindi, akawa waziri. Kisha mwezi Julai 2024, akiwa Waziri wa Habari, alisema akiwa Bukoba kwamba matokeo ya kura si lazima yawe yale yaliyomo sandukuni, hutegemea nani anahesabu na nani anatangaza, na kwamba njia za kushinda ni nyingi, za halali, za nusu halali na za haramu. Safari hii watu hawakucheka. Walikasirika, naye akasema ulikuwa utani. Tarehe 21 Julai Rais Samia Suluhu Hassan akamwondoa katika uwaziri.

Wengi barazani kwetu walifurahi wakasema mpiga kura ameshinda. Mjomba wangu mmoja alisema hivyo kwa sauti kubwa. Kwa heshima zote kwa mjomba, mimi sikubaliani naye. Waziri aliondoka, na kwa kuondoka kwake mazungumzo nayo yakafungwa, kana kwamba mtu aliyesema breki hazishiki akifukuzwa kituoni breki zitashika. Swali la kuuliza lilikuwa: je, alilolisema ni kweli? Anayehesabu ni nani, na nani anamtazama akihesabu? Tarehe 27 Novemba mwaka uleule ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Wagombea wengi wa upinzani walikuwa wamekwisha kuenguliwa kabla ya siku, na CCM ikatangazwa kushinda karibu kila mahali. Ya Oktoba 2025, pamoja na wale waliopoteza maisha, ni mazito kuliko makala ya mwanafunzi, nami siyagusi.

Haya, lakini nisije nikaeleweka kwamba nasema maneno ni upepo tu, ila yanapohusu hesabu. La. Tarehe 8 Januari 2022, huko Eldoret nchini Kenya, Seneta Mithika Linturi alisimama katika mkutano wa Bwana William Ruto akawataka watu wa pale waondoe "madoadoa" yaliyo miongoni mwao. Mgeni angedhani anasema habari za nguo. Wakenya hawakudhani hivyo, maana neno hilo waliwahi kulisikia wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100, na karibu na Eldoret hiyohiyo, mahali paitwapo Kiambaa, watu walichomwa moto ndani ya kanisa tarehe 1 Januari 2008. Bwana Linturi aliomba radhi, akasema alikusudia wanasiasa wa vyama vingine, na polisi walimkamata. Hapo ghadhabu ilikuwa na kazi yake. Sisi wa Cabo Delgado, tulioanza kuhesabu maiti tarehe 5 Oktoba 2017 pale Mocímboa da Praia, hatuhitaji kufundishwa kwamba kuna neno linaloweza kuchoma nyumba.

Turudi nyumbani. Mwaka 2024 sisi tulikuwa na kampeni yetu, na wapiga debe wetu, na vichekesho vyetu. Kisha zikaja hesabu. Tarehe 24 Oktoba Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Bwana Daniel Chapo wa Frelimo amepata 70.67 kwa mia, na Bwana Venâncio Mondlane 20.32. Tarehe 23 Desemba Baraza la Katiba likatoa hesabu nyingine: Bwana Chapo 65.17, Bwana Mondlane 24.19. Baraza lilikiri kwamba kulikuwa na kasoro, likasema kasoro hizo hazikubadili matokeo kwa kiasi kikubwa. Kati ya tarehe hizo mbili hakuna mtu aliyerudi kituoni kupiga kura upya, na hesabu ilihama kwa zaidi ya tano kwa mia. Hata kabla ya hesabu ya kwanza, tarehe 19 Oktoba, wakili wa Bwana Mondlane, Elvino Dias, aliyekuwa akitayarisha mashitaka juu ya matokeo, aliuawa kwa risasi mjini Maputo pamoja na Paulo Guambe wa chama cha Podemos. Katika machafuko yaliyofuata walikufa watu zaidi ya 300 kwa hesabu ya mashirika ya kiraia.

Nauliza, katika siku zile 44 za kampeni, sisi huku tulizungumza nini juu ya kuhesabu? Mimi nilizungumza juu ya kuvua gesi. Sheria yetu yataka karatasi ya matokeo, ile editali, ibandikwe mlangoni pa kila kituo kura zikiisha kuhesabiwa, kila mtu aisome. Nimewauliza wenzangu wa darasa la 12, ambao wazazi wao wote ni wapiga kura, ni nani ambaye baba yake au mama yake alirudi jioni kuisoma. Katika thelathini na mmoja, mikono iliyoinuliwa ilikuwa miwili. Kisha nikawauliza ni nani asiyemjua Mvuvi wa Gesi. Hakuna mkono ulioinuka.

Mwenzangu mmoja, ambaye tunalala kitanda cha juu na cha chini, amenipinga sana juu ya haya, nami nitaileta hoja yake kwa haki. Yeye asema msemaji ni kioo cha mgombea. Akibabaika, ni kwa sababu hakuambiwa kitu, na hakuambiwa kwa sababu mgombea mwenyewe hana kitu. Kwa hiyo watu hawakukosea kumcheka yule kijana, walikuwa wakimcheka aliyemtuma.

Nakubali nusu. Ni kweli kwamba mtu akisema "swali zuri" mara mbili kisha asijibu, amefichua kwamba mfuko ni mtupu. Kama tungalimkamata hapo, tukamwambia, "Bwana, hukujibu, rudi ukamwulize mgombea wako kisha utuletee jibu," ningalisema tumefanya kazi ya wapiga kura. Lakini hatukumkamata hapo. Tulimkamata kwenye Kiswahili chake. Na hilo lina hasara nyingine ambayo mwenzangu hakuiona. Kijana yule alithubutu kusema nasi kwa lugha yetu badala ya kujificha nyuma ya Kireno, ambacho nusu ya wasikilizaji wasingalikifahamu wakadhani amejibu. Malipo yake yakawa ni kuzomewa. Mwaka 2028 kuna uchaguzi wa manispaa na mwaka 2029 uchaguzi mkuu, na Mungu akipenda mimi nitakuwa katika daftari. Vyama vitatuletea nani? Vitatuletea mtu wa maneno laini, wa kusema saa nzima pasipo kukwaa hata silabi moja, naye tutamsikiliza, tutapiga makofi, na habari za Quitunda hatutazisikia tena. Mwenzangu amesema hili atalifikiri. Tangu hapo hajanipa jibu.

Likizo ya mwisho nilimkuta yule kijana ufukweni akingojea dau. Sasa ameacha mambo ya chama, anauza vifaa vya simu. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni nani na nilifanya nini katika jioni ya burudani, maana niliona haya kukaa naye bila kusema. Alicheka, akasema amekwisha kuigizwa na wengi, hata na mtoto wake wa kumzaa. Nikamwuliza lile swali la redioni.

Alinitazama kama mtu aliyeshtuka. "Mdogo wangu," akasema, "tangu siku ile wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza. Wengine wote huniita jina tu."

Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile kabla ya kwenda redioni alipewa karatasi moja ya kusoma. Ilikuwa na jina la mgombea, mahali alipozaliwa, rangi za chama, wimbo, na namna ya kutia alama kwenye karatasi ya kura. Juu ya Afungi hapakuwa na mstari hata mmoja. Alikuwa amemwuliza aliyempa, naye akamjibu kwamba asijali, hakuna atakayeuliza.